Klavye ya Minimoog na pembe za Maniema

Wandugu wa mugodi, na ninyi wamama munaosoma gazeti wakati mabwana wako ku poste ya usiku, leo tuache kwanza mambo ya mishahara. Tuongee juu ya mashine ya muziki. Mutaona kama hatuendi mbali na kwetu.

Minimoog ni sintetizeri ya analogi iliyotoka mwaka 1970, kule Trumansburg, kijiji cha jimbo la New York, Marekani, kwa kompanyi ya Robert Moog. Mbele yake, mashine za namna ile zilikuwa kubwa kama kabati, nyaya zinaninginia kila pahali. Hii mtu mmoja anaibeba. Waliitengeneza mpaka 1981, karibu 12 000, na leo mwenye kuuza moja nzima anaomba pesa ya gari ya okazioni. Ndani yake inavumilia sana. Kinachochoka ni klavye, sababu njo pale vidole vinagonga kila siku. Ni kama kamyoni yetu: motere ingali nzima, lakini pine zimekwisha.

Klavye ile iko na tushi 44. Kila tushi inaongozwa na kapini ka chuma, na pale chuma na tushi vinakutana kuna kampira kadogo kanakozuia kelele. Kisha miaka makumi, mpira unakauka kama jiwe ao unayeyuka kama lami. Tushi inaanza kutikisika kama jino la mzee, na inagonga: ka, ka, ka.

Shida ya pili iko chini, haionekane. Kila tushi inasukuma nyaya mbili nyembamba sana zinazogusa fimbo za chuma. Waya moja unasema ni sauti gani, wa pili unasema: anza kuimba. Na mashine inajuaje sauti? Kuna rezistansi za ohm 100 zimepangwa mstari, moja katikati ya tushi na jirani yake. Umeme ule ule unapita kwa zote, basi kila hatua inapanda kipimo kimoja, na hatua 12 zinafanya volti moja, ni kusema oktavu moja. Kama waya wa kwanza umeshika uchafu, mashine inaimba sauti ya tushi iliyopigwa mbele. Kama ni wa pili, inanyamaza. Mupigaji anasema imerogwa. Hapana, ni vumbi.

Kuitengeneza hakuhitaji akili nyingi, kunahitaji uvumilivu. Chomoa umeme kwanza. Sisi tunaoweka kadena ku mashine mbele ya kuingiza mkono, hatuna haja ya kufundishwa ile. Kiisha toa klavye nzima, andika namba chini ya kila tushi, sababu hazifanane umbo. Resori zinapenda kuruka, weka kitambaa juu. Ondoa mpira wa zamani wote, hata vipande vilivyonata, pangusa pini, ingiza mpira mupya wa kipimo kile kile. Mpira uliokatwa ku tube ya kinga utazuia tushi kurudi juu.

Nyaya sasa. Pale njo mafundi wengi wanaharibu. Wanachukua msasa! Nyaya zile zimevalishwa ngozi nyembamba ya madini ya bei ili zisishike kutu. Ukikwangua, zitaangaza siku moja, kiisha ugonjwa unarudi na hauponi tena. Tumia alkoli safi na pamba, polepole. Usiweke mafuta, yanaita vumbi. Waya uliopinda, urudishe kidogo kidogo mpaka tushi zote ziguse kwa kina kimoja.

Inabaki rangi. Plastiki nyeupe inakuwa manjano, na watu wanaipaka dawa ya oksijene, ile ya kusafisha vidonda lakini kali zaidi, wanaianika ku jua. Mimi siipendi, inaweza kufanya plastiki ivunjike. Lakini dawa na jua, njo vinanileta ku jambo lililonifanya niandike.

Klavye ya Minimoog haikutengenezwa na Moog mwenyewe. Ilinunuliwa kwa Pratt-Read, kompanyi ya jimbo la Connecticut. Mbele ya plastiki, Pratt-Read walikuwa wakubwa wa pembe za ndovu. Katika karne ya 19, kule Deep River, walikata pembe vipande vyembamba vya kuvalisha tushi za piano, wakavitia dawa na kuvianika ku jua, ndani ya nyumba za vioo, viwe vyeupe. Kijiji cha jirani kinaitwa mpaka leo Ivoryton, ni kusema mji wa pembe.

Na pembe zile nyingi zilipita Zanzibar. Zilifika Zanzibar namna gani? Juu ya mabega. Tippu Tip alikuwa na makao Kasongo, mu Maniema. Toka pale msafara ulivuka Tanganyika, Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo. Wapagazi wengine walikuwa watumwa. Kiswahili kilifika Maniema kwa njia ile ile. Mtoto wa Connecticut alipiga piano, na aliyebeba pembe hakujua hata piano ni kitu gani.

Muniulize kama mambo yamebadilika. Miaka ile ya Minimoog, kampuni ya serikali yetu ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Shaba ikiyeyushwa haina jina la kijiji. Ile hesabu ya mupagazi, ni sisi tungali tunaifanya kila tunapokaa mezani na wakubwa: tani zimeandikwa, mabega hayakuandikwa.

Kwa wale wenye klavye ya kanisa inayoruka sauti: yenu si ya nyaya. Chini ya tushi kuna mpira wenye vidonge vyeusi vya kaboni. Fungua visi, nyanyua mpira, pangusa vidonge na plaketi kwa alkoli, acha ikauke, funga. Si kwa esanse, inakula mpira. Ni kazi ya mchana mmoja, na parokia haitachanga tena pesa ya kununua mupya.