Tasa wa Lucas

Shuleni tulifundishwa kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jina hilo halijaniridhisha hadi leo. Tasa ni asiyezaa, lakini 12 imetoka wapi kama si kwa 2, 2 na 3? Hizi zinazaa sana. Kinachokosekana kwazo ni wazazi.

Chukua hii: 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Kuitengeneza ni rahisi: panga 2 mara 127, uzizidishe zote, kisha utoe 1. Kwa kompyuta, inayoandika kila kitu kwa 0 na 1, ni safu ya 1 tupu, 127, bila sifuri hata moja.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alitaja vipeo vya 2, yaani 2 zipangwe mara ngapi, ambavyo, ukizizidisha na kutoa 1, vingekupa tasa. Orodha yake ilikuwa na 67 na 127. Ilipita miaka 232 kabla ya Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, kuithibitisha 127, mwaka 1876, bila mashine.

Hakutafuta vigawo, umri wa mtu usingetosha. Njia yake, ambayo Mmarekani Derrick Lehmer aliisafisha baadaye, tuijaribu kwa 31, yaani 2 kwa kipeo 5, toa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia: 194, ambayo ukiigawa kwa 31 inabaki 8. Rudia tena: 62, na 31 inaigawa bila baki. Basi 31 ni tasa. Hatua tatu, mbili pungufu ya kipeo. Kwa kipeo 127 ni hatua 125, kila moja ikibeba namba za kutoa jasho. Hakuna tasa kubwa kuliko hiyo iliyopatikana kwa mkono mtupu, na rekodi yake ilidumu hadi 1951.

Lucas huyohuyo aligundua kwamba 67 ya Mersenne ilikuwa kosa: namba yake ina wazazi. Ila hakuweza kuwataja! Walijulikana mwaka 1903, pale Frank Nelson Cole alipowaonyesha wanahisabati wenzake wa Marekani: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kuwa alizidisha ubaoni kimyakimya, akarudi kuketi, ukumbi ukampigia makofi.

Kuna ukoo mmoja wa ajabu hapa. Anza na 2. Ifanye kipeo cha 2, utoe 1, upate 3. Endelea hivyo kwa kila jibu: 7, 127, kisha tasa wa Lucas. Zote tano ni tasa. Ya sita? Hakuna ajuaye. Tasa kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320, nayo kompyuta iliimudu. Lakini hii ya sita, hata idadi tu ya tarakimu zake ni namba yenye tarakimu 38.