Feni ya kompyuta inapomzidi mwalimu sauti

Na Mwandishi Maalumu, Hamukungu

UKITAKA kujua kama chumba cha kompyuta cha shule kinafundisha au kinapoteza muda, usihesabu mashine. Kaa kwenye benchi la mwisho, mashine zote zikiwa zimewashwa, kisha mwombe mwalimu aliye mbele asome namba kwa Kiingereza. Katika lugha hiyo, kumi na tano na hamsini hutofautiana kidogo sana mwishoni mwa neno. Feni zikivuma, tofauti hiyo humezwa.

Mfanyabiashara wa Mpondwe hahitaji kuelezwa tofauti ya 15 na 50. Kwa mtoto wa familia iliyorejea kutoka Kongo, jambo lenyewe ni zito zaidi. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2006, wafugaji wa Kisongora walipoondolewa katika hifadhi ya Virunga wakavuka na ng'ombe wao kuja upande huu wa Kasese. Watoto waliokuwa wameanza kusoma kwa Kifaransa waliingia madarasa ya Kiingereza. Mimi pia nilisomeshwa upande ule: Kifaransa ubaoni, Kiswahili sokoni, lugha ya mama nyumbani. Mtu anayesikiliza lugha aliyozaliwa nayo hujaza mwenyewe sauti iliyopotea kwenye kelele. Anayejifunza lugha hana cha kujazia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, lilisema kelele ya darasani wakati wa kufundisha isizidi desibeli 35. Wataalamu wa usikivu hupendekeza sauti ya mwalimu iizidi kelele ya chumba kwa desibeli 15 hivi.

Sasa tupige hesabu. Chukua kompyuta ya mezani iliyochakaa ambayo feni yake inatoa desibeli 40 kwa aliyekaa mbele yake. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Feni kumi na mbili za namna hiyo hazifiki 480. Zikijumlishwa zinafika kama 51 kwa juu kabisa. Mwalimu anayepaza sauti kiasi anatoa desibeli 65 hivi ukiwa mita moja kutoka kinywani mwake, na sauti hiyo hupungua kadiri unavyorudi nyuma. Kwa mtoto wa benchi la mwisho, mwalimu na feni wanaweza kukaribia kulingana.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wauzaji wa vifaa hawausemi. Ukitengeneza mashine moja tu kati ya kumi na mbili, kelele ya chumba haishuki hata desibeli moja. Ukizima sita, inashuka kwa 3 tu. Lakini ukizishusha zote kutoka 40 hadi 25 kila moja, chumba kinabaki na desibeli 36 hivi, jirani kabisa na kile kipimo cha mwaka 1999. Kwa hiyo mwenye duka la kuchapa barua pale Bwera, mwenye mashine moja, atanufaika mara moja kwa kubadilisha kipozajoto kimoja. Shule ni lazima ifikirie chumba kizima, la sivyo ni fedha za bure.

Kwa nini zinanguruma

Kipozajoto ni lile bamba la alumini lenye mapezi, pamoja na feni iliyofungwa juu yake, linalokaa juu ya prosesa. Prosesa ya Core 2 Duo, ambayo bado imejaa kwenye mashine za mitumba, imepangiwa kutoa joto la hadi wati 65. Hilo ni joto la balbu ya kizamani, likitoka kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Lisipoondolewa, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, na likizidi, mashine hujizima.

Kipozajoto kinachotoka na prosesa kiwandani hutengenezwa kwa gharama ndogo: bamba dogo, feni ndogo. Kwenye ofisi yenye ubaridi Ulaya kinatosha. Huku kwetu mambo ni tofauti. Hakuna feni inayoweza kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka pia kwenye prosesa. Aidha, Ziwa George liko mita 914 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 10. Feni inazunguka vilevile, lakini inachota hewa pungufu.

Halafu kuna vumbi la barabara na wale wadudu wadogo wa ziwani wasiouma, wanaopaa jioni kama moshi na kufuata taa. Feni inayofanya kazi usiku kando ya ziwa huwavuta ndani, nao hunasa katikati ya mapezi na kuchanganyika na vumbi hadi likawa kama zulia. Hewa ikishindwa kupita, madabodi huiamuru feni ikimbie zaidi, na hapo ndipo kelele inapoanza.

Kinachoifanya feni kubwa iwe tulivu si uchawi wa kampuni. Feni ya milimita 120 ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya milimita 80, kwa hiyo inasukuma hewa ileile ikizunguka polepole. Ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, hewa yake hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi. Vipozajoto vizuri vya kununua pembeni huongeza mirija ya shaba iliyozibwa, yenye maji kidogo ndani na hewa imeondolewa. Maji hayo huchemka kwa joto dogo, mvuke hukimbilia kwenye mapezi, hupoa na kugeuka maji tena, kama mvuke unavyofanya kwenye kifuniko cha sufuria ya matoke.

Safisha kabla ya kutoa fedha

Kwanza hakikisha kelele inatoka wapi. Feni ya pawa saplai, feni ya nyuma ya kasha na hadi diski ya zamani zote hulalamika. Fungua kasha na, mashine ikiwa inawaka, gusa kitovu cha feni ya prosesa kwa kifutio cha penseli kwa sekunde mbili, bila kugusa mapanga. Kelele ikiendelea vilevile, mwenye hatia ni mwingine.

Kisha zima, chomoa waya wa umeme, toa vumbi kwa brashi laini na pampu ya upepo. Ishike feni isizunguke unapoipulizia, maana kuzungushwa kwa kasi huiharibu. Pesti inayokaa kati ya prosesa na bamba, ikiwa imekauka kama chokaa, ifutwe na kuwekwa mpya. Tumia spiriti safi. Ile yenye mafuta haifai, na waragi ina kazi nyingine. Pesti mpya iwe tone kama punje ya njegere, basi. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na ikiwa nene inazuia joto badala ya kulipitisha.

Kwa maoni yangu, mashine nyingi za huku zingetulia kwa hatua hii peke yake. Chumba cha mashine kumi na mbili ni kazi ya Jumamosi moja, nayo ni somo zuri kwa wanafunzi wakubwa.

Ukiamua kununua

Bidhaa za Dubai na Guangzhou zinazokwenda Butembo hupita hapa Mpondwe kuingia Kasindi, kwa hiyo vifaa hivi si vigeni sokoni, iwe muuzaji anaviita feni au, kama ndugu zetu wa ng'ambo, vantilateri. Shida ni kununua kwa macho. Jambo la kuuliza ni soketi. Kwa prosesa za Intel, madabodi za soketi 775 zina matundu manne yaliyoachana milimita 72. Kuanzia soketi 1156 hadi 1200 ni milimita 75, na soketi 1700 ni 78. Milimita tatu zinaonekana si kitu, lakini pini haitaingia. Prosesa za AMD zina mpangilio wao mwingine kabisa. Nenda sokoni na rula na jina la soketi kwenye karatasi.

Pima pia upana wa kasha. Kipozajoto cha mnara chenye feni ya milimita 120 huwa na urefu wa sentimita 15 au 16. Kasha jembamba la ofisini lina upana wa sentimita 10 hivi tu, halitafunga.

Hapa wenye mashine za Dell OptiPlex na HP Compaq, ambazo ndizo nyingi kwenye mitumba, wawe waangalifu zaidi. Dell nyingi za aina hiyo zina bamba na mfuniko wake maalumu, na baadhi zina plagi ya feni ya waya tano badala ya nne za kawaida. HP isipoiona feni yake husimama wakati wa kuwaka na kulalamika kwenye skrini. Kwa mashine hizo ni afadhali kubakiza bamba lake, kulisafisha, na kubadilisha feni peke yake kwa nyingine ya modeli hiyohiyo.

Kwa mashine za kawaida, tafuta feni ya waya nne. Waya wa nne ndio unaoiwezesha madabodi kuidhibiti kasi yake vizuri. Fundi mmoja wa mjini alituletea feni za waya tatu akiapa kwamba ni kitu kimoja. Zilikimbia kwa kasi ya mwisho asubuhi hadi jioni, na chumba kikawa kibaya kuliko awali.

Wakati wa kufunga

Iwashe mashine dakika tano ili pesti ya zamani ilainike, kisha zima na chomoa. Zungusha kipozajoto kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta ghafla kwenye AMD ya zamani, prosesa inaweza kung'oka nacho na pini zake kupinda.

Vipozajoto vyenye bamba la nyuma hulazimu madabodi itolewe kwenye kasha. Usiogope hilo. Vile vya pini za kusukuma, bonyeza pini mbili za pembe zinazokabiliana, halafu mbili zilizobaki, mpaka kila moja ilie. Angalia kwa nyuma kama zote nne zimetokeza sawasawa, kwa kuwa pini moja iliyolegea inatosha kuifanya prosesa iungue joto huku feni mpya ikizunguka kimya kimya. Ukiwasha, ingia kwenye bayosi utazame joto kwa dakika kumi. Likipanda bila kusimama, zima urudie.

Kitu cha mwisho ni safari. Kipozajoto cha mnara kinaweza kuzidi nusu kilo, nacho huning'inia kwenye madabodi kama mzigo kwenye tawi. Kama mashine imefungwa Bwera na inakuja Hamukungu kwa bodaboda, ilaze kwa ubavu, mnara ukitazama juu, na uiwekee godoro au blanketi chini. Mwambie dereva apunguze mwendo akishaacha lami.