Gari la Plaiwudi na Mgongo wa Kabati

Msomaji wetu mmoja, seremala wa soko la mafundi la Agakiriro, hapo Gisozi mjini Kigali, ametuandikia akitaka kujua kama yana ukweli aliyoyasikia kwa mteja wake, kwamba Waingereza walipata kuunda magari ya mbio kwa plaiwudi na gundi, au kama mteja yule alikuwa akitafuta kupunguziwa bei kwa hadithi. Yana ukweli.

Magari hayo yalikuwa ya jamii ya magari ya kuunga (sipendi kuyaita ya vipande, maana jina hilo lanukia ajali), ambayo mnunuzi aliletewa yakiwa yamefunguliwa, akayaunga mwenyewe bandani kwake. Sababu ilikuwa kodi. Hadi mwaka 1973 serikali ya Uingereza ilikuwa ikitoza kodi ya ununuzi kwa gari zima, wala haikuitoza kwa lililofunguliwa, madhali muuzaji hakutoa maelezo ya kuliunga; na yasimuliwa kwamba Colin Chapman, aliyeanza kuuza Lotus Seven mwaka 1957, aliwapa wateja wake maelezo ya namna ya kulifungua, nao wakayasoma kinyumenyume. Ya kodi na tuyaache hapo.

Mwaka 1959 Jem Marsh na Frank Costin, ambao majina yao mawili ndiyo yaliyozaa jina la Marcos, waliunda fremu ya gari lao kwa plaiwudi. Costin alikuwa amefanya kazi de Havilland, walioiunda Mosquito, ndege ya vita ya mbao. Na Jackie Stewart, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara 3, ni miongoni mwa walioonja mbio zao za mwanzo ndani ya Marcos.

Basi ajabu iko wapi? Si katika kubeba uzito, kwani hata kitanda hubeba. Gurudumu la mbele la kulia likipanda jiwe, na la nyuma la kulia likitumbukia shimoni, gari zima hunyongwa, mbele likitaka kugeukia huku na nyuma kule. Na fremu ikikubali kunyongeka, magurudumu hupoteza pembe zake na usukani hukosa utiifu.

Na alitazame msomaji wetu kabati lake mwenyewe, akiwa amekwisha kuunga mbavu, juu na chini, lakini hajapigilia mgongo. Akilisukuma kwa kidole, huinama upande, mstatili ukawa msambamba, na lau angeongeza misumari pembeni mara kumi, misumari ingelegea na kabati likainama vilevile. Kisha achukue plaiwudi ya milimita 3, ambayo peke yake huikunja kwa mkono mmoja, aipigilie mgongoni: papo hapo kabati husimama, na mtu mzima akiliegemea halitikisiki. Kilicholikaza si unene. Mstatili haugeuki msambamba ila ulalo wake mmoja urefuke na wa pili ufupike, na plaiwudi, iliyo dhaifu ikikunjwa, ni jabari ikivutwa. Sasa mlango nao autie gundi usifunguke tena, na hapo atakuwa amepata sanduku lililozibwa pande zote sita, ambalo halinyongeki, kwa kuwa kila uso wamzuia jirani yake kubadili umbo. Fremu ya Marcos ilikuwa makabati ya namna hiyo, marefu na membamba, yaliyolazwa na kugandishwa pamoja.

Thamani ya kuziba yapimika. Bomba lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 na ukuta wa milimita 3, likipasuliwa ufa mmoja tu toka ncha hadi ncha, hupoteza ukinzani wake wa kunyongwa zaidi ya mara 3,000, ilhali uzito ni takriban ule ule. Plaiwudi yaongeza hikima yake: nyuzi za mti ni imara kwa urefu na dhaifu kwa upana, kwa hiyo tabaka hupishanishwa, na idadi yake aghalabu huwa witiri ili ubao usijipinde.

Na maadui wa mbao, yaani unyevu, mchwa na moto, wana dawa zao.

Mwaka 1984 Mwingereza Anthony Howarth aliyasafirisha magari yake ya plaiwudi iliyonyweshwa epoksi, yenye mitambo ya Citroën 2CV, toka Aktiki hadi Ikweta, akayaita Africar. Kampuni yake ilianguka kabla mwongo ule haujaisha. Walakini fikra haikufa. Lori la OX, lililochorwa na Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, likaonyeshwa mwaka 2016, lilikusudiwa kufungashwa sita katika kontena moja na kuungwa na watu watatu kwa saa zisizozidi 12, na paneli za bodi yake ni za mbao zilizogandishwa kwa gundi isiyopitisha maji. Kampuni ya OX Delivers iliyoanzia kwenye mchoro huo ilikuja kubeba mazao ya wakulima papo hapo Rwanda. Na fremu za mabenchi ya nyuma ya lori lile la asili huchomolewa, zikatandikwa chini ya magurudumu yaliyozama mchangani.