Jenerali Akivua Magwanda

Ukiwauliza wanafunzi wa Kericho na Bomet wanatamani kazi gani, hutakosa wa kukujibu: jeshi. Si ajabu. Mashamba ya chai hayawezi kumwajiri kila mtoto aliyelelewa kandokando yake, na magwanda yana heshima yake. Lakini je, heshima hiyo humfuata ofisa akistaafu na kuomba kura?

Walimu wanaotafuta mfano wasiende mbali hadi kwa Eisenhower, jenerali aliyechaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 1952. Wautazame mfano wa marehemu Joseph ole Nkaissery, mwana wa Kajiado, kwa jirani zetu Wamaasai. Aliingia jeshini mwaka 1973 na kupanda cheo hadi kuwa Meja Jenerali. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Kajiado ya Kati kwa tiketi ya KANU. Mwaka 2007 na 2013 akarudi bungeni kwa tiketi ya ODM. Katika serikali ya mseto alikuwa Waziri Msaidizi wa Ulinzi.

Desemba 2014, damu ilipokuwa ikimwagika Mandera, Rais Uhuru Kenyatta alimteua kuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, ingawa alitoka upinzani. Wengi walisema nchi imempata mtu wa amri. Hata hivyo, kabla ya kushika wadhifa alilazimika kuketi mbele ya kamati ya Bunge, na hapo ikafufuka operesheni ya kijeshi ya mwaka 1984 huko Pokot Magharibi, ambayo alihusishwa nayo. Wapokot hawakuwa wamesahau maisha na mifugo waliyopoteza. Miaka 30 ilikuwa imepita.

Hapo ndipo penye funzo. Kambini, amri hutolewa na kutekelezwa. Anayeulizwa ni wa chini. Katika siasa, mkubwa ndiye anayeulizwa, na raia yeyote ana haki ya kuuliza. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Taifa lilidai kujua kwa nini msaada ulichelewa. Nyota za begani hazikuwa jibu la swali hilo.

Nkaissery alifariki ghafla tarehe 8 Julai 2017, mwezi mmoja kamili kabla ya uchaguzi mkuu. Alilitumikia taifa kwa zaidi ya miaka 40, na utumishi huo unastahili heshima. Lakini tukiwasimulia wanafunzi vyeo vyake tu, tukanyamazia Pokot na Garissa, tutakuwa tumewafundisha kupiga saluti badala ya historia.

Kijana anayetaka jeshi na aende, tena kwa fahari. Ajue tu kwamba amri atakayoitoa leo, ipo siku atatakiwa kuieleza mbele ya watu wasiovaa magwanda.