Jiwe Chini ya Gurudumu Si Breki

Mtu asimamaye kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Sotik, pale mjini Litein, hangoji sana kabla ya kuona chombo kimoja kikivuta kingine. Mara ni trekta lenye trela la kuni za kiwanda cha chai. Mara ni trekta lililobeba samadi au magunia ya mahindi. Mara ni lori refu lenye trela, linguruma kilimani na kuacha moshi nyuma yake. Vyombo vya namna hii vinaonekana kama kitu kimoja, lakini kwa kweli kila kimoja ni viwili vilivyofungwa pamoja. Usalama wa dereva, wa utingo na wa kila apitaye njiani umo katika mambo mawili tu: kile kinachoviunganisha, na kile kinachovizuia.

Nchi ya chai ya Kericho na Bomet haimsamehe mtu mzembe katika mambo hayo. Ardhi ni ya vilima na mabonde. Mvua ambayo ni baraka kwa chai huigeuza barabara ya udongo kuwa utelezi. Tena kazi yenyewe ina haraka. Majani yakisha kuchumwa hayana budi kufika kiwandani siku ile ile, kwani yakikaa yamerundikwa huanza kupata joto na kuharibika. Mzigo nao si mwepesi: ili kupata kilo 1 ya chai iliyokaushwa zahitajika kilo 4 na zaidi za majani mabichi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Kuni mbichi ni nzito zaidi. Basi uzito, mteremko, utelezi na haraka hukutana mahali pamoja.

Watu wa Kericho wanaujua vema uchungu wa chombo kizito kilichokosa kuzuiliwa. Tarehe 30 Juni mwaka 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililobeba kontena liliacha barabara likayagonga magari mengine na kuwakumba wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya njia. Watu zaidi ya 50 walikufa. Baadhi yao hawakuwa safarini. Walikuwa wakiuza bidhaa zao.

FUNZO LA ARMAGH

Liko tukio la zamani ambalo kila avutaye trela mlimani angefaa kulijua. Tarehe 12 Juni mwaka 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, gari moshi lilikuwa likipanda kilima likiwa limejaa watoto na wazazi waliokuwa wakienda matembezini pwani. Injini ilishindwa na mzigo, gari likasimama kabla ya kufika kileleni. Wakubwa wa safari wakaamua kuligawa: sehemu ya mbele ipelekwe kwanza, na mabehewa 10 ya nyuma yaachwe pale mlimani yakingoja.

Breki za gari lile zilikuwa za namna ambayo hufanya kazi madhali mabehewa yameungana na injini. Kiungo kilipofunguliwa, mabehewa ya nyuma yakabaki na breki ya mkono ya behewa moja tu, pamoja na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Injini ilipotaka kuondoka, sehemu ya mbele ilirudi nyuma kidogo ikayagusa yale mabehewa. Mawe yakasagika. Mabehewa yakaanza kushuka, kwanza pole pole, kisha kwa kasi kuu, hata yakagongana na gari jingine lililokuwa likija nyuma. Watu 80 walikufa, wakiwamo watoto.

Mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kila gari moshi la abiria liwe na breki zitakazoshika zenyewe katika kila behewa iwapo kiungo kitakatika. Huo ndio msingi wa jambo lote: breki njema ni ile ishikayo hata pale mwanadamu na kiungo chake wameshindwa. Lakini hata leo, katika vilima vingi, trela lililojaa huachwa juu ya mteremko likishikwa na jiwe moja lililookotwa kando ya njia.

KIUNGO

Kwa trekta la shambani, jambo la kwanza ni pini. Pini iwe ya chuma kigumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo ikae sawasawa katika tundu lake. Kipande cha nondo au bolti kuukuu si pini. Kikipita juu ya mashimo siku baada ya siku huchakaa, hupinda, na mwisho hukatika. Nacho hakichagui mahali pa tambarare ili kikatike hapo. Chini ya pini iwepo klipu ya kuifungia, maana pini isiyofungwa hurukaruka kwa mitikisiko hata itoke tunduni. Tena uwepo mnyororo imara uliofungwa kati ya trekta na trela, ili pini ikitoka trela lisiende lipendako.

Jambo la pili ni mahali pa kufungia. Trela lifungwe katika chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma ya trekta, wala si mahali po pote palipo juu ya ekseli. Likifungwa juu, trekta litakapovuta kwa nguvu kupanda kilima magurudumu ya mbele huinuka, nalo trekta hupinduka kinyumenyume juu ya dereva wake. Jambo hilo hutokea upesi sana, kabla dereva hajapata nafasi ya kuruka.

Jambo la tatu ni utingo. Wakati trekta linaporudi nyuma ili lifungwe, mtu asisimame kati yake na trela. Na asimame kando mpaka trekta limetulia kabisa na breki ya mkono imevutwa. Hapo ndipo aingie kutia pini. Mguu wa dereva ukiteleza juu ya klachi yenye matope, aliyesimama katikati hana pa kukimbilia. Kadhalika mtu asipande juu ya kile chuma cha kuunganishia wakati wa safari. Hapo si kiti.

BREKI

Matrekta mengi yana pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la nyuma la kushoto na moja ya lile la kulia. Zilitengwa ili kumsaidia mkulima kukata kona shambani wakati wa kulima. Lakini barabarani ni hatari: dereva akikanyaga moja tu, trekta huvutwa upande mmoja ghafula, na trela lililo nyuma hulisukuma ubavuni na kulipindua. Kwa hiyo kabla ya kutoka shambani pedali hizo ziunganishwe kwa kile chuma kidogo kilichowekwa kwa kazi hiyo, nazo zijaribiwe kama zinashika sawa pande zote mbili.

Zaidi ya hayo, trekta la tani 2 au 3 huvuta trela ambalo likijazwa laweza kulizidi uzito. Ikiwa trela halina breki zake lenyewe, mzigo wote huzuiliwa na breki za trekta peke yake. Mwenye trela la namna hiyo apunguze mzigo na mwendo, au, jambo lililo jema zaidi, atafute trela lenye breki. Akumbuke pia hesabu hii: mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari huwa mara nne. Ashukaye kwa kilomita 30 kwa saa hazidishi hatari mara mbili kuliko ashukaye kwa kilomita 15. Aizidisha mara nne.

Katika mteremko, gia nzito itiwe kabla ya kuanza kushuka, na injini iachwe ifanye kazi ya kuzuia. Wako madereva waondoao gia ili kuokoa mafuta. Huko ni kununua lita moja kwa bei ya maisha. Breki zikishikwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto sana hupoteza nguvu ya kushika. Dereva atakanyaga pedali na gari halitasikia.

Malori makubwa hutumia breki za upepo. Mipira miwili hupita kutoka lori hadi trela: mmoja hupeleka upepo wakati wote, na mwingine hufikisha amri ya mguu wa dereva. Trela likichomoka na mpira wa kwanza ukakatika, breki za trela hujifunga zenyewe. Hapa ndipo lile funzo la Armagh limetimizwa. Lakini akitokea fundi au dereva akazilegeza breki za trela kwa sababu zinamsumbua, ili tu afike nyumbani, amelirudisha gari lake mwaka 1889. Maji yanayokusanyika katika matangi ya upepo yamwagwe kila siku. Na baada ya kuunganisha, dereva ashuke atazame kwa macho yake kama kiungo kimefunga, kisha avute kidogo kidogo hali breki za trela zimeshika. Kiungo kisichofunga vizuri kitajidhihirisha hapo uwanjani, wala si mlimani.

KAZI YA MWENYE GARI NA KARANI

Haifai kumwachia dereva peke yake mzigo huu. Mwenye trekta asiyetaka kununua pini na klipu hawezi kumlaumu mtumishi wake baadaye. Naye karani aandikaye kilo za majani anaweza kuwa na daftari la pili lenye safu chache tu: tarehe, pini, mnyororo, breki, magurudumu, taa, na sahihi ya dereva. Kazi hiyo ni ya dakika 10 asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga.

Na ikiwa ni lazima trela liachwe peke yake, liachwe mahali pa tambarare. Kabari za mti zilizochongwa vizuri zitiwe mbele na nyuma ya magurudumu, na breki ya trela ifungwe, yote kabla ya kuchomoa pini. Jiwe laweza kuwa msaidizi wa breki. Lisiwekwe badala yake.