Alanbrooke: Jenerali wa mizinga aliyemkanya Churchill

WINSTON Churchill anakumbukwa kote ulimwenguni kuwa kiongozi aliyeivusha Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Ni wachache, hata hivyo, wanaomkumbuka mwanajeshi aliyeketi kando yake katika kipindi kigumu zaidi cha vita hivyo, akimkanya kila alipotaka kuliingiza jeshi katika mashambulizi yasiyo na tija. Huyo ni Alan Brooke, aliyekuja kujulikana kama Lord Alanbrooke.

Brooke alizaliwa Julai 23, 1883 katika mji wa Bagnères-de-Bigorre, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ingawa ukoo wake ulikuwa wa kaskazini mwa Ireland. Alilelewa Ufaransa na kuimudu lugha ya huko tangu utotoni. Baada ya mafunzo katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, alijiunga na kikosi cha mizinga mnamo 1902, akahudumu Ireland na kisha India.

Kipawa chake kilidhihirika katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wakati huo askari wa miguu walipotoka mahandakini, walifyekwa kwa bunduki za rashasha kabla ya kuwafikia adui. Katika mapigano ya Somme mnamo 1916, Brooke alikuwa miongoni mwa maafisa wa Uingereza walioiga mbinu ya Wafaransa iliyopunguza maafa hayo. Mizinga ilivurumisha makombora mbele ya askari, kisha baada ya kila dakika chache ikasogeza shabaha mbele kidogo, huku askari wakiufuata kwa karibu ukuta huo wa moto. Waliochelewa walimpa adui nafasi ya kuinua kichwa. Waliotangulia waliuawa na makombora ya wenzao. Yote yalitegemea saa na hesabu. Mwaka uliofuata, akiwa na wanajeshi wa Canada, alishiriki kupanga mashambulizi ya mizinga yaliyowezesha kutekwa kwa mlima wa Vimy.

Mnamo 1925 mkewe wa kwanza, Jane, alifariki kutokana na ajali ya gari ambalo Brooke mwenyewe alikuwa akiliendesha. Msiba huo ulimfanya awe mtu wa kujitenga, na wengi wakamwona mkavu. Alioa tena mnamo 1929, na ni kwa mkewe huyo, Benita, alikoelekeza shajara aliyoiandika wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Vita hivyo vilipozuka mnamo 1939, Brooke alipelekwa Ufaransa akiongoza mojawapo ya majeshi ya Uingereza. Aliyaongoza kurudi nyuma hadi Dunkirk mnamo Mei 1940. Siku chache baadaye alirejeshwa Ufaransa kuwaongoza wanajeshi waliosalia. Alipoona kwamba Ufaransa haiwezi tena kuokolewa, alibishana na Churchill kwa simu kwa karibu nusu saa, hadi Waziri Mkuu huyo akakubali wanajeshi waondolewe. Zaidi ya wanajeshi 100,000 waliokolewa.

Huenda kiongozi mwingine angemwekea kinyongo. Churchill alimteua kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu mnamo Desemba 1941. Kuanzia hapo wawili hao walizozana karibu kila siku. Brooke alipinga wazo la kuishambulia Norway, na pia akawapinga Wamarekani waliotaka kuvuka hadi Ufaransa mapema. Alishikilia kwamba sharti adui adhoofishwe kwanza Afrika Kaskazini na Italia. Wakosoaji wake walidai alikuwa akikawiza vita. Wanajeshi wa muungano walitua Normandy Juni 6, 1944, wakiwa wamejiandaa vilivyo.

Msimamo huo ulimgharimu. Mnamo Agosti 1942 alikataa kuongoza majeshi Mashariki ya Kati, akiamini kwamba London ndiko alikohitajika zaidi. Churchill alimwahidi uongozi wa uvamizi wa Ufaransa, lakini mnamo Agosti 1943, mjini Quebec, akamweleza kwamba kazi hiyo ingepewa Mmarekani. Hatimaye alipewa Eisenhower. Brooke aliumia sana, na baadaye akaandika kwamba Churchill aliichukulia habari hiyo kama jambo dogo. Hata hivyo, hakujiuzulu.

Alistaafu mnamo 1946 akiwa na cheo cha fildi mashali. Hakuwa tajiri, alihamia nyumba ndogo ya mtunza bustani na kuuza vitabu vyake vya thamani kuhusu ndege, viumbe aliowapenda mno. Shajara yake ilipoanza kuchapishwa mnamo 1957, Churchill hakupendezwa na yaliyofichuliwa humo.

Alanbrooke alifariki Juni 17, 1963. Sanamu yake ilizinduliwa mtaani Whitehall, London, mnamo 1993, miaka 30 baada ya kifo chake. Mwenye kusema ukweli mbele ya mkubwa wake aghalabu hukawia kushukuriwa.