Kidonda cha Jembe na Dawa ya Kubandika

Leo tuiache mbolea kidogo, tuzungumze juu ya mguu wako mwenyewe. Wakati wa palizi majembe yamenolewa, na kujikata si jambo geni.

Wazee wetu walikuwa na dawa zao za kubandika kidondani: majani yaliyopondwa, shubiri mwitu, asali. Je, zote ni mbaya? La. Asali, kwa mfano, ina sukari nyingi na maji machache. Hunyonya maji, na vijidudu hushindwa kustawi. Hata hospitali nyingine hutumia asali iliyosafishwa maalumu kwa vidonda. Ute wa ndani wa shubiri nao hutuliza mahali palipoungua kidogo. Yale maji yake ya manjano yaache yachuruzike kwanza, maana huwasha.

Sasa hatari iko wapi? Iko kwenye samadi, udongo, na majani yanayotafunwa kisha kutemwa juu ya kidonda. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika kinyesi cha wanyama. Hupenda jeraha lenye kina, lisilopata hewa. Ukiliziba kwa samadi, ni sawasawa na kupanda mbegu na kuifukia.

Niliwahi kumwona kijana mmoja aliyejikata kidole cha mguu. Akabandikwa majani yenye samadi. Kidonda kikafunga juu, jamaa zake wakafurahi. Siku ya nane akashindwa kufungua mdomo ale ugali. Hakurudi tena shambani. Basi, ujue kwamba ugonjwa huu huweza kuanza baada ya siku 3 hadi 21: taya hukaza, kisha shingo na mgongo.

Ukijikata, fanya hivi:

1. Bana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome.
2. Nawa mikono, kisha osha jeraha kwa sabuni na maji safi mengi. Toa udongo wote.
3. Funika kwa kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi.
4. Nenda zahanati siku hiyohiyo, hasa kama jeraha ni refu kwenda ndani au lilichafuka. Uliza juu ya sindano ya kinga ya pepopunda. Usingoje taya likaze.

Samadi ni mali, ndugu yangu, lakini mahali pake ni shambani. Mpaka wiki ijayo, kazi njema.